Kiti cha Wasiopigwa Picha

Wanaopenda kusimulia kisa hiki huanza na kiti. Wanakosea. Kisa hiki kinaanza na chai ya asubuhi, vikombe viwili mezani, na dada mtu aliyekuwa akimpa mdogo wake kidonge kimoja cheupe kila siku saa moja kasorobo, kabla ya kwenda kazini. Kiti kilikuwa kiti tu. Kilikuja kuwa kingine baadaye, na hata huko baadaye, si kiti kilichofungua kopo la dawa.

Dada mtu alikuwa mfamasia. Mtaani walimwita Dokta, naye hakuwahi kuwasahihisha; kuna uongo ambao mtu hausemi, anaukalia tu kama mto. Mdogo wake walimwita Penseli, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Walikuwa wawili tu duniani. Mama yao alifariki siku aliyomzaa Penseli, Dokta akiwa na miaka sita. Baba, kwa uchungu au kwa hasira, maana wanaume wa aina yake hawakujua tofauti, alichoma picha zote za marehemu wiki ileile, kisha akaishi miaka ishirini bila kulitaja jina lake, naye akafa. Dokta alibaki na kumbukumbu moja: kidole gumba cha mkono wa kushoto, ukucha umepasuka katikati kwa urefu, kikimfunga vifungo vya shati la shule. Vifungo aliviona. Ukucha aliuona. Akiinua macho kwenye kumbukumbu hiyo autafute uso, palikuwa patupu, kama ubao uliofutwa kabla hajamaliza kunakili.

Hakumwambia mtu habari za ule ukucha. Ilikuwa mali ndogo mno kugawana.

Kazi ya Penseli ilikuwa kuchora wafu. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilitazama barabara, na hapo walikuja watu ambao marehemu wao hawakuwahi kupigwa picha, au walipigwa na picha ikapotea. Palikuwa na benchi la wateja, ubao wa kuchorea karibu na dirisha, na kiti kimoja cha mikono, cha tangu enzi za mama, mguu mmoja umebadilishwa kwa mti wa rangi nyingine. Mchoraji mwingine angeuliza pua ilikuwaje, macho yalikuwaje. Penseli hakuuliza hayo. Aliuliza mambo matatu.

"Alikuwa anakohoaje?"

Watu walicheka. Kisha mmoja akakohoa, na mwenzake akasema siyo hivyo, na wakabishana, na katikati ya ubishi mmoja wao akaanza kulia.

"Akikasirika, mikono alikuwa anaiweka wapi?"

Na mwisho, kwa sauti ya chini: "Alikuwa anaficha nini?"

Baada ya hapo aliwaomba wanyamaze, akakigeukia kile kiti kitupu, akachora. Kiti hakikukaliwa na mtu aliye hai, hiyo ndiyo sheria pekee ya nyumba. Mteja mmoja aliwahi kuweka mkoba wake pale, Penseli aliuondoa kwa adabu, akakigeukia kiti akasema, "Samahani." Na picha zilitoka jinsi zilivyotoka. Mjane mmoja alipofunuliwa ya mumewe aliizaba kofi kwanza, ndipo akalia.

"Unawapataje?" watu walimuuliza.

"Wanakuja wenyewe. Mimi nachora niliyemwona."

Walidhani ni namna yake ya kusema. Wasanii huachiwa maneno yao kama watoto wanavyoachiwa wanasesere. Dokta pekee ndiye aliyejua kwamba mdogo wake hasemi kwa mafumbo. Alimsikia akiwakaribisha chakula. Alimwona siku tatu mfululizo hajalala, akichora, midomo imekauka. Hata ilipofika asubuhi moja Penseli akasimama katikati ya barabara, mikono juu, akizuia magari ili mlolongo mrefu wa watu ambao hakuna mwingine aliyewaona uvuke salama, ndipo alipopelekwa hospitali. Wakaupa ugonjwa jina. Wakampa kidonge.

Na msiba ukaanzia hapo, kwa sababu dawa ilifanya kazi.

Penseli alinenepa. Alilala, akakoroma, akaanza kusimulia vichekesho vibaya. Akampenda fundi wa sare za shule, msichana wa nyumba ya pili mwenye sauti kama filimbi ya refa, na yule msichana, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alikubali kuolewa kwa sharti kwamba asichorwe akiwa amelala. Kiti kikawa kitupu. Wateja walipokuja, Penseli alikitazama, akawatazama wao, akasema kwa upole, "Siku hizi hawaji." Akageukia kuandika mabango. Kinyozi. Nyumba hii haiuzwi. Usikojoe hapa. Herufi zake zilikuwa za kawaida na yeye mwenyewe alikuwa na furaha, jambo ambalo mtaa ulishindwa kumsamehe.

"Siku hizi kazubaa," walisema. "Zamani alikuwa mtu!"

Zamani alikuwa anasimama mbele ya malori. Lakini hilo halikuwagusa. Picha walizokwishapata zilikuwa zinaning'inia ukutani kwao.

Aliyelalamika kuliko wote alikuwa mhadhiri mmoja wa chuo, aliyeitwa Profesa na kila mtu isipokuwa chuo chenyewe. Alikuwa akiandika kitabu kuhusu kipaji na kichaa, na Penseli alikuwa sura ya nne. Alikuja Jumamosi moja mchana, akakaa kwenye benchi, akakunja nne.

"Dokta, wewe ni msomi mwenzangu, utanielewa," alisema. "Kipaji na kichaa ni pua na mdomo. Ukiziba kimoja..."

"Ukiziba kimoja, mtu anapumulia kingine," alidakia fundi wa sare, aliyekuwa akimpima Penseli mabega kwa ajili ya suti ya harusi. "Nyoosha mkono, wewe."

Penseli alicheka mpaka utepe ukamtoka begani. Profesa hakucheka. Alimwinamia Dokta. "Mnamponya mgonjwa," alinong'ona, "mnamzika msanii."

Tusidanganyane: Dokta alijua ni upuuzi. Alikuwa na shahada. Alijua kwamba wagonjwa wengi wa wodi ile hawachori hata nyumba yenye mlango, na kwamba wachoraji wengi hawaugui chochote kikubwa zaidi ya majivuno. Alijua kidonge kile kinazuia nini na kinaachia nini, na kikikatizwa hutokea nini. Kama angekuwa mjinga, kisa hiki kingekuwa cha kusikitisha tu.

Ila kulikuwa na jambo lake moja. Katika miaka yote ya kile kiti, walipokuja mama wa watu wote, mama yao wenyewe hakuja. Dokta aliwahi kuuliza, mara moja, akijifanya anapanga brashi. "Na mama?"

"Hajaja, dada," Penseli alijibu. "Nadhani ananiogopa. Au mimi ndiye ninayemwogopa."

Atakuja, Dokta alijiambia wakati ule. Siku moja atakuja, na mimi nitamwona uso. Sasa dawa ilikuwa imefunga mlango, na yeye ndiye aliyekuwa akiugeuza ufunguo kila asubuhi, saa moja kasorobo, na chai.

Jumatatu iliyofuata, dukani, alichukua vidonge vya madini ya chokaa, vile wanavyopewa wajawazito ili mifupa isiwaishe. Vyeupe, vya mviringo, vyenye mstari katikati. Vikubwa kidogo kuliko vile vya hospitali, lakini ni nani anayepima kidonge anachopewa na dada yake? Alivijaza kwenye kopo. Wiki sita tu, alisema moyoni. Kila mwizi anajua ni lini ataacha.

Penseli alikimeza cha kwanza, akakunja uso. "Leo kinakwama kooni."

"Ongeza chai," alisema Dokta.

Wiki ya kwanza haikuleta kitu. Ya pili vilevile. Wiki ya tatu Dokta alirudi nyumbani mchana kula, jua kali, barabarani kelele za kawaida, mtu anauza ndoo za plastiki kwa kipaza sauti. Penseli alikuwa ameinama juu ya bango la kinyozi, akiijaza herufi rangi nyekundu. Brashi ikasimama. Hakugeuka mara moja. Aliifuta mikono yake kwenye suruali, taratibu, akakielekea kiti.

"Shikamoo," alisema.

Dokta alisimama mlangoni na funguo mkononi. Kisha mdogo wake akatabasamu, kama mtu aliyekwisha kuitikiwa. Na kile kiti kikalia kidogo, ule mlio wa mbao inapopokea uzito.

Kuanzia siku ile Penseli alichora. Alimchora mzee aliyekufa maji. Alichora mapacha. Wateja walirudi, benchi likajaa, na Profesa alikuja na kamera akizunguka chumbani kama bwana harusi. "Amerudi! Si niliwaambia? Amerudi!"

Fundi wa sare hakushangilia. Alimfuata Dokta jikoni, akasimama na mkasi wake shingoni kwenye kamba.

"Wifi, mwenzangu halali. Jana kaniambia nisogee, ati nimemkalia mtu nguo. Anakunywa dawa?"

"Anakunywa. Mimi mwenyewe ndiye ninayempa."

"Nilione hilo kopo."

"Wewe kata vitambaa," alisema Dokta. "Dawa niachie niliyeisomea."

Msichana aliushika mkasi wake. Hakuwa na cheti cha kujibu sentensi ile. Akaondoka. Na Dokta alipogeuka kuosha kikombe, alimsikia Penseli chumba cha mbele akimwambia mtu, kwa sauti ya kutuliza, "Usijali. Hajui kwamba mmeona."

Hapo angeweza kuacha. Vidonge vya kweli vilikuwa kwenye mkoba wake, vimefungwa kwenye karatasi. Alivibeba kila siku, kama mtu anayetembea na barua ya kuomba radhi asiyotaka kuituma. Bado wiki moja, alijiambia. Bado siku chache. Penseli mashavu yalikuwa yamemwingia ndani. Suti ya harusi ilipojaribiwa ilimning'inia, na fundi aliipunguza kiunoni, pini mdomoni, machozi yakidondoka kwenye kitambaa.

Wiki ya tano, Jumapili, saa tisa mchana, Penseli alimwita.

"Dada. Njoo ukae kwenye benchi."

"Kuna nini?"

"Kaa kama mteja. Nikuulize."

Alikaa. Mikono ilikuwa ya baridi na nje ilikuwa joto. Penseli alisimama kando ya ubao, karatasi kubwa nyeupe imebandikwa, mkaa wa kuchorea vidoleni.

"Mama alikuwa anakohoaje?"

"Sikumbuki."

"Akikasirika, mikono alikuwa anaiweka wapi?"

"Sikumbuki, mdogo wangu."

"Alikuwa anaficha nini?"

Muuza ndoo alinyamaza huko nje, ghafla, katikati ya neno.

"Basi," alinong'ona Penseli. "Si kitu. Ameshakaa."

Akaanza kuchora.

Dokta hakuthubutu kukitazama kiti. Alitazama sakafu. Jua la dirishani lililaza kivuli cha kiti kwenye saruji: miguu minne, mikono miwili, egemeo. Kivuli kilikuwa kinene kuliko kiti.

Akahamisha macho. Akatazama karatasi.

Kidole gumba kilitangulia. Mkono wa kushoto. Mkaa ulikwenda, ukarudi, ukachora ukucha. Kisha mstari mmoja mwembamba, katikati, kwa urefu.

Hakuwa amemwambia mtu.

Vidole vingine vikafuata, vimekunjwa. Ngumi, imefumbata kitu. Kisha bega. Kisha shingo. Kisha uso, uso ambao Dokta aliusubiri kwa miaka thelathini, na sasa ulikuwa ukija, kidevu, mdomo, na yeye alijikuta anataka kusema inatosha. Wafu wote wa Penseli walimtazama mchoraji. Huyu hakumtazama mchoraji. Macho yalipokamilika yalikuwa yamegeukia pembeni.

Kwenye benchi.

"Dada," alinong'ona Penseli.

"Naam."

"Mama anacheka."

"Anacheka nini?"

Penseli alisikiliza. Kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayepokea simu yenye mawimbi mabaya.

"Anauliza, vile vidonge vya wajawazito unanipa mimi vya nini?"

Dokta alishika ukingo wa benchi.

"Anasema vingemfaa yeye. Siku zile. Anasema hakupewa."

Kiti kililia tena.

Dokta hakukumbuka aliinukaje. Alikumbuka mkoba, karatasi iliyofungwa, vidole vinavyokataa kufungua. Alimshika mdogo wake taya, kidonge cha kweli mkononi, akisema meza, meza, nakuomba, meza. Penseli alikitazama kidonge. Alikitazama kiti. Halafu akamtazama yeye, bila hasira, na ni afadhali angekuwa na hasira.

"Kipi cha kweli, dada? Hiki au cha jana?"

"Hiki! Haki ya Mungu, hiki!"

"Na cha jana uliapa?"

Akafumba mdomo. Hakuufumbua tena kwa kidonge chochote, wala, baada ya siku mbili, kwa chakula.

Hospitali walimpokea kwa fujo ya kawaida. Dawa ambayo mwanzo ilimshika kwa kidonge kimoja, safari hii kwa sindano na vidonge vinne haikumshika. Hutokea hivyo, daktari alimwambia Dokta, mgonjwa akikatiza dawa. Je, alikatiza? Dokta alisema hajui. Alisema hivyo akiwa amevaa koti lake jeupe la kazini, na daktari akamwamini, kwa sababu ya koti.

Penseli hakupiga kelele. Wauguzi walimsifu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wima, mikono juu ya magoti, kidevu kimeinuka kidogo, macho mahali pamoja, asubuhi hadi jioni. Mgonjwa mtulivu kuliko wote, walisema. Dokta na fundi wa sare walisimama mlangoni siku ya kwanza wakamtazama, na wote wawili waliutambua ule mkao, kwa sababu walikuwa wameuona kwenye picha mia. Alikaa kama mtu anayechorwa.

Mbele yake palikuwa na kiti cha wageni, kitupu. Dokta alipopita katikati ili amshike mkono, Penseli alisema sentensi yake ya mwisho inayofahamika.

"Sogea, dada. Unamziba anayenichora."

Fundi wa sare alikuja nyumbani wiki ya pili. Hakubisha hodi kama mgeni, wala hakuingia kama wifi. Alisimama sebuleni na daftari la kuchorea kwapani.

"Kopo nililichukua," alisema. "Siku ile mlipokwenda naye hospitali. Nimelipeleka duka jingine la dawa, la mbali. Nimeambiwa ni vya wajawazito."

Dokta alikaa.

"Sikuja kukushtaki. Ningekushtaki kwa nani? Wote wanakuita Dokta." Alilitupa daftari mezani. "Nimekuletea hili. Alikuwa analificha kwangu. Lilikuwa la kukupa siku ya harusi."

Dokta alifungua. Kurasa za mwanzo alikuwa fundi wa sare, akicheka, akishona, akifoka na pini mdomoni. Mistari hai, myepesi, ambayo hata wafu wa kile kiti hawakuwahi kuipata. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe. Zilikuwa tarehe za miezi ya furaha, miezi ya kidonge kimoja na chai.

"Alikuwa anachora?" Dokta aliuliza. "Akiwa na dawa?"

"Alikuwa anachora kabla hajaugua, akachora anaumwa, akachora alipopona. Nyinyi mlianza kumwona alipoanza kutisha." Aligonga daftari kwa kidole. "Endelea. Funua."

Kurasa zilizofuata zilikuwa uso wa Dokta. Dokta anakunywa chai. Dokta anasoma. Kisha Dokta huyohuyo, ila nyusi zimeinuliwa kidogo. Kisha kidevu kimepunguzwa. Kisha mdomo wa Penseli mwenyewe umejaribiwa kwenye uso wa dada yake, ukafutwa, ukajaribiwa tena. Ukurasa baada ya ukurasa, bila kiti, bila mzimu, kwa kazi tu, kwa kufuta na kurudia, alikuwa akimtafuta mama katika nyuso mbili alizowaachia. Kila ukurasa ulikaribia zaidi. Wa mwisho ulikuwa nusu. Macho yalikuwa bado. Tarehe yake ilikuwa Jumapili, na Jumatatu yake ndipo Dokta alipobadilisha vidonge.

"Alibakiza macho," alisema fundi wa sare. "Alisema dada ana haraka na kila kitu, lakini hili atalisubiri." Akaelekea mlangoni. Pale akageuka. "Usije hospitali saa kumi. Saa kumi ni zamu yangu."

Ile picha kubwa Dokta hakuweza kuishi nayo. Aliitazama mara moja tu, ngumi imefumba, macho kwenye benchi, akaifunga kwa shuka mwenyewe, mafundo manne, akaiegemeza ukutani kifudifudi. Profesa alipokuja kuiomba kwa ajili ya maonyesho ya chuo, alimwambia achukue. Profesa aliibeba kama mtoto.

Maonyesho yalifunguliwa mchana wa Ijumaa. Fundi wa sare hakwenda. Ilikuwa saa ya kumwona mgonjwa. Ukumbi ulijaa watu wenye nguo safi wakizungumza kwa sauti za kunong'ona, kama wako msibani kwa mtu wasiyemjua. Profesa alisimama mbele ya picha na fimbo ya kuonyeshea.

"Tazameni," alisema. "Je, mtu mwenye akili timamu angeweza kuchora hivi? Na hapa mkononi, huu mviringo mweupe? Ni mwezi. Msanii anatuambia kwamba mama alikuwa mwanga wa giza lake."

Watu walinong'ona kwa kuridhika. Mmoja aliandika.

Dokta alikuwa nyuma. Alisogea. Watu walimpisha, dada wa msanii. Alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi.

Ngumi ilikuwa imefunguka.

Vidole vilikuwa vimekunjuliwa, vimechorwa kwa mkaa uleule, kwa mkono uleule, bila alama ya kufutwa popote. Kiganjani kulikuwa na kidonge. Cheupe, cha mviringo, mstari katikati. Kilikuwa kimenyooshwa mbele, kama mtu anayekupa kitu ukimeze.

"Nani ameigusa?" Dokta aliuliza.

"Hakuna aliyeigusa," alisema Profesa, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Shuka tumelifungua leo asubuhi. Mafundo manne, Dokta, umetutesa."

Dokta alinyoosha mkono wake wa kushoto. Alikisugua kile cheupe kwa kidole gumba, jinsi mtu anavyofuta doa. Kilikuwa kikavu. Kikaacha unga.

Fundi wa sare bado anakwenda saa kumi. Hubeba kitambaa cha kushona, hukaa sakafuni ili asimzibe mtu, na hushona mpaka wafukuzwe. Penseli bado anachorwa. Kitabu cha Profesa kimetoka, na sura ya nne inasifiwa sana.

Dokta yuko dukani. Kidole gumba chake cha kushoto ni cheupe kwenye ncha. Amekiosha kwa sabuni, kwa spiriti, kwa jiwe la kusugulia visigino. Kila pakiti anayomkabidhi mteja huondoka na doa lake. Wateja hudhani ni unga wa dawa. Hulifuta kwenye nguo, na halifutiki. Ukilitazama kwa karibu utaona ni alama ya kidole gumba kikubwa kidogo kuliko cha Dokta, na katikati, kwa urefu, pana mstari mwembamba usio na unga, kama ule wa ukucha uliopasuka.